Tulivyotafuta Mahali Pasipo na Kitu

Nilikwenda Dodoma kwa sababu ya mdomo wangu. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, mitumba ikajaa mitaani, televisheni za watu binafsi zikaanza kuonekana Dar es Salaam, na kila kijana aliyejua kuwasha kamera akajiona mtengeneza sinema. Mpwa wangu Neema alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea sanaa za maonyesho, na hakuweza kuhitimu bila filamu fupi. Hadithi yake ilihusu mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mtu.

"Mjomba, mahali pasipo na kitu kabisa nitapapata wapi?" aliniuliza tukiwa mezani.

Niliwahi kuwa karani wa serikali Dodoma, na tangu nihamishwe nilikuwa nikimwambia kila aliyetaka kunisikiliza kwamba kule hakuna kitu. Nikajibu, tonge likiwa bado mdomoni, kwamba ninapajua.

Kamera ilikuwa ya bwana mmoja wa Kariakoo anayepiga video za harusi. Alimwazima Neema kwa sharti kwamba irudi kabla ya Jumamosi, maana kuna bibi harusi anaisubiri. Ingekuja katikati ya wiki pamoja na mwigizaji, rafiki wa Neema aitwaye Rehema. Sisi tulitangulia kuchagua mahali. Filamu isipopatikana wiki hiyo, Neema angerudia mwaka.

Njiani, basi lilipopita Gairo, miti ilianza kupungua na mimi nikaanza kujisifu. Kila ilipopungua zaidi nilimgusa Neema begani, kama vile mimi ndiye niliyeikata.

Jioni tulifika Makole, mjini Dodoma, kwa Bi Mwajuma, mwenye nyumba wangu wa zamani, mtu wa Kondoa kwa asili, mwenye duka la vitambaa sokoni.

"Karani umenenepa," alisema kabla hata sijaweka begi chini. "Mmefuata nini?"

"Mahali pasipo na kitu, kwa ajili ya sinema ya huyu binti."

Alimtazama Neema kwa huruma. "Serikali miaka yote inahangaika kuleta vitu Dodoma, mjomba wako analeta watu waje kutazama ambavyo havijafika."

Asubuhi tulidandia lori la wachuuzi wa samaki lililokuwa likirudi tupu bwawani Mtera. Lilikuwa tupu kwa maana ya samaki tu. Harufu yao haikuwa imeshuka. Safari ilikuwa ndefu na vumbi jingi. Tulishuka kwenye kijiji ambacho sitakitaja jina, cha nyumba za tembe zenye paa bapa la udongo, na nyuma yake, baada ya korongo kavu, tukaukuta uwanda. Kiangazi kilikuwa kimeukausha hadi upeo wa macho. Hakukuwa na chochote. Niliona fahari, kama baba mkwe anayeonyesha ng'ombe.

Neema aliunganisha vidole vyake vikawa dirisha, akachungulia pande zote. Kisha akaniamuru nitembee huku nikihesabu hatua kwa sauti, wakati yeye akivuta kamba. Pale kamera itakaposimama na pale Rehema atakapopita tulipigilia vigingi, na kila kigingi tukakifunga kitambaa chekundu tulichochana kutoka gauni la mtumba.

Mwenyekiti wa kitongoji, Danieli, alitutazama kwa mbali, kisha akaja.

"Mbukwa," alitusalimu kwa Kigogo, nasi tukaitika hivyo hivyo. "Mnafanya nini, ndugu zangu?"

"Tunachagua mahali," nilisema. "Pametufaa sana. Alhamisi tunarudi na wenzetu na chombo."

Danieli aliitikia kwa kichwa taratibu, akatukaribisha ugali wa uwele na mlenda, akatuhudumia kwa heshima ambayo ukarani wangu haukuwahi kunipatia.

Tuliporudi Makole nilimsimulia Bi Mwajuma mambo yote. Alikuwa anapima kitenge, akakiacha.

"Umevuta kamba kwenye ardhi ya watu?"

"Ndiyo."

"Ukapiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu, ukasema unarudi na chombo, ukaondoka?"

"Ndiyo."

"Hapa Dodoma?"

Nilianza kuelewa, lakini niliwahi kuwa mtumishi wa umma, nikaamua kusubiri.

Asubuhi ya Alhamisi tulishuka tena kwenye kijiji kile, safari hii na Rehema na kamera. Tulipovuka korongo, Neema alisimama. Uwanda wake ulikuwa umejaa. Kulikuwa na kuta za udongo mbichi, zimefika magotini. Kulikuwa na mipapai iliyopandwa kiangazi, imelala chali. Wengine, kwa kukosa miche, walikuwa wamekata matawi na kuyachomeka ardhini kwa mistari. Katikati, pale hasa Rehema alipotakiwa kulia kwa upweke, kulikuwa na kaburi jipya lenye msalaba, na kando yake ameketi mzee kwenye kigoda.

"Shikamoo babu," alisema Neema. "Poleni na msiba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Msiba upi?"

"Hili kaburi si la hapa nyumbani?"

"La kwangu," alisema mzee, ambaye jina lake, kama msalaba ulivyoeleza, lilikuwa Yakobo.

Danieli alikuja na watu wote nyuma yake. Nilisimama nikaeleza kwamba sisi si wapima viwanja wa serikali, kwamba hakuna atakayehamishwa, kwa hiyo hakuna fidia ya nyumba, wala mti, wala kaburi. Kwamba tumekuja kupiga sinema.

"Sinema ya nini?" aliuliza mama mmoja.

"Ya hapa."

"Hapa hapakuwa na kitu. Nani atoke Dar kuja kupiga picha mahali pasipo na kitu?"

Danieli alisema kwa upole, "Mwaka ule wapima walipokuja kwa shemeji zangu kule mjini walisema hivyo hivyo, kwamba wanatazama tu. Walikuta shamba tupu, wakaandika tupu, fidia nayo ikawa tupu. Hatukatai mpige sinema yenu. Lakini pigeni kwanza yetu. Kila mtu na mali yake, aseme jina lake. Picha ni ushahidi."

Neema alinivuta pembeni. "Mjomba, tuna betri mbili, na hapa hakuna umeme. Wakimaliza hawa sibaki na kitu."

"Waombe wang'oe matawi."

Aliwatazama. Walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mama aliyeniuliza alikuwa anamwagilia tawi lisilo na mizizi kwa maji ya kopo, na maji yenyewe hufuatwa mbali. Neema akawasha kamera.

Walipanga foleni. Kila mmoja alisimama mbele ya ukuta wake au fimbo zake, akakaza shingo kama askari, akasema: mimi ni fulani, hapa ni kwangu. Waliokosea walidai kurudia. Betri ya kwanza ikaisha, kisha ya pili ikaanza kupepesa taa nyekundu. Wa mwisho alikuwa mzee Yakobo. Aliweka mkono juu ya msalaba.

"Mimi ni Yakobo. Hapa ni kwangu. Sijalala bado, lakini ni kwangu."

Kamera ikazimika. Rehema, aliyekuja kulia, alikuwa ameketi chini akicheka mpaka machozi, nayo hayakuingia kwenye picha.

Ijumaa tulipanda basi la kurudi, Neema akachagua kiti cha mbali na changu. Kamera iliwahi harusi. Yeye, kwa kuwa hakuwa na kingine, alipeleka chuoni watu wale walivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza la mwisho. Wahadhiri walisema mandhari yametiwa chumvi, hasa kaburi. Wakampa alama za kupita, za chini kabisa, na hakurudia mwaka.

Nakala ya kanda ilipelekwa kijijini kupitia kwa Bi Mwajuma. Kule hakukuwa na mashine ya kuichezea, lakini aliniambia wameifunga kwenye nailoni na kuichomeka darini mwa tembe la mwenyekiti, tayari kwa siku ya wapima.

Wapima hawajafika mpaka leo. Nimeacha kusema Dodoma hakuna kitu; sasa nasema ni mahali pa kutembea bila kamba. Mzee Yakobo alifariki miaka michache baadaye, akazikwa pale pale kwenye uwanda. Sote tulioingia katika jambo lile tulikuwa tunachagua mahali, na ni yeye peke yake aliyepata alipopataka.