Pingili Mbili za Akiba

Mtaa mzima ulimwita Sentimita, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Fundi cherehani aliyekaa kazini miaka thelathini na moja, futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kuoga mkewe lazima amkumbushe. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa anakipima kiti kwa macho, kisha anakuuliza nani alikishona kitambaa na kwa nini alikuwa na hasira.

Sasa huyu Sentimita alikuwa na pikipiki. Nikisema pikipiki naiheshimu tu, maana ilikuwa imelala miaka saba katika chumba cha pili, imefunikwa shuka la maua. Ni ya silinda moja, tanki jekundu lililopauka, imezaliwa kabla ya ndoa yake. Siku ilipozima ilipiga kelele tumboni, kra-kra-kra, mafundi wakasema cheni ya taimingi imelegea. Hiyo ni cheni ndogo iliyojificha ndani ya injini, ndiyo inayoiambia pistoni na vali nani aanze na nani afuate. Sentimita akasema ataibadilisha wiki ijayo. Wiki yenyewe mtaa mzima tuliingoja miaka saba.

Mkewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kwake mumewe alikuwa mwanafunzi mmoja aliyechelewa kuhitimu. Jumatatu jioni alisimama mbele ya cherehani, mikono nyuma.

"Mama anahamia Jumamosi. Mguu umemzidi, hawezi tena kukaa peke yake. Kile chumba ni chake."

"Mama na akaribie," akasema Sentimita, sindano mdomoni.

"Kwa hiyo sikiliza vizuri, sirudii. Chuma kinachotembea kitalala nje kibarazani. Chuma kisichotembea kitaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeshamwita. Jumamosi, saa sita mchana."

Sentimita nusura aimeze ile sindano. Aliipenda pikipiki ile, tusiumeume maneno. Kila kitu alichowahi kukigusa kwa mikono yake kilikuwa cha mtu mwingine: suruali za watu, sare za watoto wa watu, mapazia ya madirisha ya watu. Hiyo moja tu ndiyo ilikuwa yake. Na ndiyo iliyompa mke, kwa sababu ujanani alikuwa akienda nayo hadi mlangoni kwa mama mkwe, anapiga honi mara mbili, binti anatoka mbio, hao wanaondoka. Mama mkwe hakumsamehe. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiiita "hilo dude", na kila likitajwa alisonya msonyo mrefu wa kutosha kupima kitambaa. Sentimita alijua sababu: bibi yule alimwona mhuni. Hata Sentimita alipozeeka na mvi zikamjaa, alijiona bado ni mhuni mbele ya mama mkwe.

Kwa nini hakuita fundi wa pikipiki? Alimwita. Fundi akacheka, akasema injini lazima ishushwe yote, mwezi mzima. Sentimita akamtoa nje kwa adabu. "Kwani cherehani si mashine?" alimwambia mkewe. "Ina gurudumu, ina mkanda, ina sindano inayopanda na kushuka. Pistoni ni sindano iliyonenepa tu."

"Haya," akasema mwalimu mkuu, kwa ile sauti anayowaambia wazazi kwamba mtoto wao amejitahidi.

Jumanne akaenda duka la vipuri. Muuzaji akalitazama jina la pikipiki kwenye kikaratasi, akalitazama daftari, akamtazama mteja.

"Hiyo inakula cheni ya pingili tisini na nne."

"Nipe yenye tisini na sita."

"Za nini mbili?"

"Akiba," akasema Sentimita, kwa huruma ya mtu anayemfundisha mjinga. "Ukikata kamili, umejifunga. Ukiacha akiba, unaweza kupunguza. Ukikosea kwa kuzidisha ni bahati mbaya, ukikosea kwa kupungukiwa ni kesi."

"Mzee, cheni haifuliwi. Haiwezi kuruka maji ikawa fupi kama suruali."

"Wewe uza."

Akauziwa. Mtu akishikilia namna hiyo, utamfanya nini?

Jumatano kazi ikaanza, na niseme ukweli, ilianza vizuri hadi inatia aibu. Alitandika gazeti sakafuni, akachora umbo la injini kwa chaki, na kila bolti aliyoifungua aliichomeka kwenye karatasi mahali pake, kama anavyofanya na vipande vya koti. Akafungua kifuniko cha juu. Akazungusha krenki, mhimili wa injini, taratibu hadi ile alama ya T, ya pistoni kufika juu kabisa, ilipotazamana na mkato wake. Akaziba shimo la injini kwa mabaki ya vitambaa vya sare, chembe za chuma zisidondoke ndani, kisha akakaa na tupa kukata pingili moja ya cheni ya zamani. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake alimkuta katika hali hiyo, akaondoka na suruali yenye vidole vitano vya grisi kwenye paja, akidhani ni mtindo mpya.

Cheni ilipokatika ndipo Sentimita alipopata raha ya maisha yake. Mafundi wote walisema lazima injini ipasuliwe ndipo cheni mpya iingie. Yeye aliwahi kubadilisha kamba za suruali za mchezo elfu ngapi? Huichomoi ya zamani kwanza. Unaifunga mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, unavuta, ya zamani inatoka huku inamwonyesha mwenzake njia. Akaziunganisha kwa waya, akamwita mke.

"Shika huu mkia. Usilegeze hata kidogo, nami nazungusha."

Mwalimu mkuu alikuwa ametoka kusahihisha mitihani, kalamu nyekundu bado sikioni. Akashika. Sentimita akazungusha. Cheni ya zamani ikatoka nyeusi ikilia, mpya ikashuka gizani, ikazunguka huko chini ilikozunguka, ikaibuka upande wa pili inang'aa.

"Jamani!" mke akapiga kelele, akasahau ukuu wake wote. "Imetokea!"

Ijumaa mchana akafunga kila kitu, akatia petroli, akapiga kiki. Injini ikakohoa. Akapiga tena. Ikawaka, chwaka-chwaka-chwaka, mlio wa mtu anayekimbia na viatu visivyo vyake, kisha ikatoa PAAH! moja iliyozima hata redio ya jirani. Moshi ukajaa chumba. Mitihani ya darasa la sita ikapata rangi ya chai.

"Imesahau tu," akasema Sentimita, nyusi zimeungua kidogo. "Miaka saba si mchezo."

Moyoni alikuwa amekwisha. Usiku ule hakula.

Jumamosi mama mkwe alitarajiwa alasiri. Saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni, mkongojo mkono wa kulia, furushi mkono wa kushoto, na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Aliingia chumbani kwake, akakuta nusu ya chumba ni kitanda chake na nusu ni mkwewe, amelala kichalichali chini ya pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado lipo hili dude?"

"Linaondoka, mama. Ama linatembea ama linaondoka."

Bibi akasonya, akaketi kitandani, akatazama. Sentimita akapiga kiki. Chwaka-chwaka, PAAH! Bibi hakushtuka. Alijipangusa masizi kwenye paji la uso kwa ncha ya leso.

"Mkwe, dude hili halikuwa likilia hivi. Fungua hapo juu nione."

Mtu hakatai neno la mama mkwe. Akafungua. Bibi akaingiza ncha ya mkongojo, akaisukuma cheni. Ikabonyea chini, ikaning'inia.

"Hiki ni kiuno cha nani?" akauliza.

"Vipi, mama?"

"Nauliza, fundi. Mteja akivaa suruali imelegea hivi, wewe humfanyia nini?"

"Nampunguzia."

"Ehee."

Sentimita akaitazama cheni. Akaitazama karatasi ya dukani. Pingili tisini na sita. Miaka thelathini na moja anawapunguzia watu viuno, na hiki hakukiona! Kikaza cheni, kile chuma kidogo kinachoisukuma isilegee, kilikuwa kimejinyoosha hadi mwisho wa uwezo wake, maskini, na bado cheni ilipwaya na kuruka meno. Alitamani kumeza futi yake yote, mita moja na nusu.

"Niliacha akiba," akasema kwa sauti ndogo.

"Akiba kwenye chuma! Mwanangu aliolewa na nani?" Lakini bibi alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni. "Haya, punguza. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne. Akakaa na tupa, akaikata cheni, akatoa zile pingili mbili. Kwa haraka yake akasahau kufunga ncha moja kwa waya. Ncha ikateleza. Ikadondoka, tii, ndani kabisa ya injini, ikapotelea kulekule gizani.

Mnunuzi wa vyuma alifika saa tano na nusu, na mkokoteni na mizani. Akachungulia, akaona wazee wawili wameinamia shimo na mwalimu mkuu anawamulikia kwa tochi. Akaketi kizingitini. "Msijali," akasema kwa furaha, "mimi naipokea hata ikiwa wazi."

"Wewe, kaa wima na unyamaze," akaamriwa na mwalimu mkuu, naye akakaa wima.

Kila fundi cherehani ana sumaku ya kuokotea pini sakafuni. Sentimita akaifunga yake kwa uzi wa jinzi, ule mnene, akaishusha shimoni. Ikanasa ukuta. Akaishusha tena. Ikanasa bolti. Akampa mama mkwe uzi, maana mkono wa bibi ulikuwa umetulia kuliko wake.

"Kushoto kidogo, mama. Shusha. Hapo."

"Imeshika kitu."

"Vuta polepole, mama, tafadhali, polepole."

Ncha ikatokea. Mnunuzi wa vyuma ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, kisha akakumbuka maslahi yake, akaacha.

Pingili tisini na nne zikaunganishwa. Alama zikatazamana. Kikaza kikapumua. Kifuniko kikafungwa, bolti zikatoka kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na ilipobaki dakika nne kufika saa sita Sentimita akapanda, akapiga kiki. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikakohoa. Ya nne: tu-tu-tu-tu-tu, laini, sawa, mshono ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mke akaruka. Mnunuzi wa vyuma akapakia mizani yake, akaenda zake akinung'unika kuhusu watu wasiojua kukata tamaa. Sentimita alikuwa analia na hajali nani anamwona.

Alipogeuka, mama mkwe naye analia. Lakini yake hayakuwa machozi ya furaha.

"Zima," akasema bibi.

Akazima.

"Miaka ile yote," akasema, "nikisikia mlio huu ni mwanangu anaondoka. Unaanzia mlangoni, unafika kona, unafifia, unapotea. Halafu nabaki na nyumba na kimya chake. Kurudi wala sikuwahi kuusikia, ulikuwa unamshusha barabarani, msije mkanikuta macho."

"Mama, mbona hukusema?" akauliza binti yake.

"Niseme nini? Kwamba nalionea wivu dude?"

Na Sentimita miaka ishirini na tisa aliamini anaitwa mhuni.

Bibi akajifuta macho, akanyoosha mkongojo kuelekea mlangoni. "Leo niko huku. Pandeni wote wawili. Nendeni hadi kona, kisha mrudi. Nataka nisikie inavyorudi."

Wakaitoa nje. Mwalimu mkuu akapanda nyuma, akamshika mumewe kiunoni. Wakaondoka hadi kona, wakakata, mlio ukafifia nyuma ya maduka. Walipogeuza, Sentimita akaongeza moto makusudi, ili asikiwe kutoka mbali. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mkongojo, shingo ameinyoosha upande wa barabara.

Walikuwa wameondoka dakika tatu.

"Mmekawia," akasema.