Chai Haikuandikwa

Juma lililopita, katika zahanati moja hapa Busia, niliketi karibu na mkulima mzee kutoka Bukhayo. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni kimekataa kupona. Muuguzi alikuwa amempa daftari aandike kila anachokula.

Muuguzi akalifungua. "Mzee, Jumanne umeandika 'sikula'. Kweli?"

"Ugali haikupikwa, sista."

"Sasa ulishinda na nini?"

"Mihogo tu, ndizi kidogo, na chai."

"Chai ya sukari?"

"Isiyo na sukari si ni maji moto?"

Benchi zima likacheka. Mzee hakucheka. Alilichukua daftari, akalifunika kwa kofia yake. "Basi nimeanguka mtihani. Niambie tu huu mguu mtakata lini."

Muuguzi akachutama mbele yake. "Baba, hii si mtihani. Sitoi alama. Nataka tu kujua dawa yangu inapigana na nini."

Kwetu, siku bila ugali ni siku ya njaa, hata tumbo likijaa. Lakini mimi, niliyesahihisha madaftari kwa wino mwekundu miaka mingi, niliwakumbuka watoto walioniletea kurasa tupu kwa sababu waliniogopa.

Mzee akaondoa kofia juu ya daftari, akapokea penseli ya muuguzi, akaandika polepole: "Chai, vijiko vinne vya sukari." Akamtazama muuguzi usoni kwa muda. Hakuona hasira. Akakata "vinne", akaandika "sita".