Bomba Lililonyamaza Mapema

Mchana, katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha shaba nje ya Kolwezi, Kongo, umeme umekatika, tanuri limezimwa na hakuna anayeongea. Hata Stany, mpiga domo maarufu wa mtaa wa Dilala, amenyamaza. Dada yake, Mianda Kalombo, ametega sikio mlangoni mwa tanuri.

Anasubiri bomba la hewa moto, linalopita juu humo ndani, lianze kusema.

Kazi ya Mianda ni kulipulizia bomba hilo tabaka la metali. Kwenye moto, tabaka huota ngozi ya kijivu, nyembamba na ngumu, inayozuia chuma kisiliwe na moto. Tanuri likipoa chuma husinyaa. Ngozi hushindwa kukifuata, ikapasuka na kudondoka vipande: tik, tik, kama kucha kwenye bati. Desturi ya mafundi ni kungoja sauti hiyo iishe ndipo waingie kusafisha.

Leo haijasikika kabisa.

"Yaya, kunanyamaza," Stany anamnong'oneza dada yake mkubwa, kofia ya kazi kichwani tayari. "Tuingie, tumalize mbio."

"Hapana. Hakuna mutu wa kuingia."

Miaka kadhaa iliyopita mume wa Mianda, Godefroid, alikuta kimya kama hiki akakifurahia. Aliwaambia wenzake leo hakuna kungoja, akaingia akicheka. Bomba lilikatika likamwangukia. Ngozi ilikuwa imekwisha yote, hakuna cha kudondoka, na moto umekula chuma kikabaki ganda tupu.

Tangu hapo wenzake huapa kwamba anayegonga tik, tik tanuri likipoa ni Godefroid.

"Mi najua ni ngozi inapasuka," Mianda anasema. "Lakini kila ikigonga, naitikaka. Namna gani niache?"

Mkuu wa zamu anakuja juu: umeme umerudi, shaba inangoja. Mianda anaziba mlango kwa mwili wake. Nyuma yake, pasipo mtu kugusa chochote, bomba linalia kwa mlio mrefu, kisha linaanguka. Vumbi la moto linawapiga usoni.

Stany anakaa chini palepale na kushika mguu wa dada yake, analia.

Bomba jipya likifungwa, Mianda anataka desturi ibadilike: kimya kisiaminiwe tena. Kabla ya mtu kuingia, watagonga bomba wao wenyewe kwa fimbo ndefu kutoka mlangoni na kusikiliza kwa mlio kama chuma bado ni kizima.

"Na kama tunagonga, na mutu anajibu?" Stany anauliza.

Mianda hacheki.

"Basi tutangoja amalize."