Mbao Mpya Ina Kiu

Siku ile bado naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nimekwisha kufunga furushi langu nirudi kwetu Kinole, mlimani.

Umenipigia simu kuniuliza mambo mawili. La kwanza, babu yako aliliandaaje sanduku lake la biri, kwa kuwa umenunua jipya la kuweka kwenye nyumba yako ya wageni. La pili, mkeo akifika mwezi ujao aanzie wapi kuzizoea kazi za nyumbani. Wewe umeyaona mawili, mimi nitayajibu pamoja. Usinikatize tu, nikikatizwa huwa naanza upya.

Nilikuwa bi harusi mpya. Baba yako, Hamisi, alikuwa dereva wa lori la mboga, kutoka Mgeta kwenda Dar. Alinileta hapa mjini Kichangani, akakaa kidogo, akarudi barabarani. Nikabaki na wazazi wake, Mzee Shomari na Bi Mwanaidi. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki, ila ulimi wake haukuwa na breki. Alinipokea kwa vigelegele, na vigelegele vilipokwisha akaanza kudai. Maji yawe yamejaa mapipa kabla hajaamka. Kila anayepanda mlimani nimtume aniletee ndizi na mdalasini kutoka kwa mama yangu. Nikichoka ananiambia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni kicheko.

"Mwali gani huyu hacheki?" alikuwa akiniuliza mbele za watu. "Huko Kinole hamna meno?"

Nicheke na nani, mwanangu? Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, na baada ya hapo nilichosikia mpaka jua linazama ni kutumwa tu. Nilikuwa na upweke ambao hata leo sijausahau. Basi walipokuja majirani kunitazama, nikakaa kimya kama nguzo, na walipoondoka niliambiwa nimeitia nyumba aibu. Kesho yake nikafunga furushi, nikaliweka nyuma ya mlango, nikaenda kumuaga mzee. Nilijua nikishapanda gari la Kinole sitarudi tena, na baba yako atakuta kitanda kitupu.

Nilimkuta na sanduku lake. Miaka mingi alikuwa mpishi wa mgeni mmoja aliyefundisha chuoni, na mgeni yule aliporejea kwao alimwachia biri, zile sigara nene za jani zima la tumbaku lililoviringwa. Fundi seremala wa mjini akamtengenezea sanduku la kuzihifadhia, ndani mbao ya mwerezi, inanukia vizuri. Biri ikikosa unyevu hukauka ikapasuka. Ikizidiwa unyevu huota ukungu, na kwa mvua zetu hizi ukungu haubishi hodi.

Kabla sijafungua kinywa akasema, "Shika mfuniko hapo, mwanangu." Nikashika. Akachukua kitambaa safi, akakichovya kwenye maji yasiyo na chumvi wala chokaa, yale ya kuongeza kwenye betri za magari. (Siyo tindikali! Soma kibandiko, wewe na haraka zako.) Akakikamua mpaka kikabaki na ubaridi tu, akapangusa mbao za ndani polepole. Hakumwagia, maana mbao ikimwagiwa hupinda. Halafu akatazama kipande cha sifongo alichokuwa amekiweka ndani kwenye kisahani. Kilikuwa kikavu tena, na jana yake tu alikuwa amekilowesha. Akakilowesha upya.

Bi Mwanaidi akaingia. "Baba Hamisi, mpaka leo? Biri zipo, sanduku lipo, unangoja nini?"

"Mbao mpya ina kiu," mzee akajibu. "Nikizitia biri leo, sanduku litazifyonza zibaki makapi. Halafu nitasema yule mgeni aliniachia biri mbovu."

"Sanduku lako linadeka. Limefanana na mwali wako huyu." Akanigeukia. "Jana watu wamekuja kwa wema wao, yeye amenuna!"

Mzee akaweka kitambaa chini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Mama Hamisi, huyu binti tumemdai maji. Tumemdai ndizi na mdalasini. Sasa tunamdai kicheko. Wewe ulipoletwa hapa kutoka Mgeta, marehemu mama alilala nawe chumba kimoja, anakusimulia ngano mpaka usingizi ukupate. Ulikuwa unalia, umesahau? Huyu sisi tumemtilia nini?"

Bibi yako akajifunga kanga yake upya, akatoka. Nikasema moyoni, sasa ndiyo nimekwisha. Machozi yakanitoka na mfuniko wa watu bado nimeushika.

Haukupita muda akarudi na chane ya ndizi mbichi na visu viwili. Akaketi mkekani.

"Njoo," akaniambia. "Nionyeshe mnavyopika kwenu. Mimi najua kupika za Mgeta tu."

Tukamenya. Mara akaanza kunieleza jinsi alivyokuwa akilia usiku, alivyouona mji huu wa joto na mbu, na alivyomchukia hata jogoo wa jirani. Akaniuliza mama yangu anaendeleaje, na safari hii hakuwa anauliza habari za mdalasini. Alipoinuka kwenda kutafuta nazi akaliona furushi nyuma ya mlango. Akalibeba, akaliweka juu ya kitanda changu, akaenda zake.

Sikupanda gari, mwanangu. Niliyafungua mafundo yale mwenyewe.

Sanduku nalo likafika wakati wake. Kile kipande cha sifongo kikaacha kukauka ovyo, mshale wa kipima unyevu kilichobandikwa ndani ya mfuniko ukatulia, mzee akazipanga biri ndani na kuzipa tena muda wa kupumzika. Siku aliyowasha ya kwanza alituita wote uani. Akavuta kwa madaha, moshi ukapaa ukamwingia bibi yako puani.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakilea?" akafoka huku anakohoa. "Kinanuka gunia lililoshika moto!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na bibi yako akanitazama, naye akaangua kicheko. Mzee aliendelea kuvuta tu, hana habari na sisi. Kicheko kile hakuna aliyekuwa amekidai.

Sasa shika nasaha yangu. Sanduku lako lipanguse, lipe maji, lifunge, uliache linywe. Wageni wakiuliza biri waambie bado. Haraka haraka haina baraka, na mbao haijui kudanganya. Mkeo naye akifika, usianze kumpima kwa anachotoa. Ametoka kwao, ameacha sauti alizozizoea, na humu mwetu kila kitu ni kigeni kwake. Kaa naye. Mwulize habari za kwao, kisha umsikilize. Mpikieni chakula cha kwao hata kama hamkipendi. Akinyamaza usiseme amenuna, huenda bado anakunywa. Kazi za nyumbani zipo tu, hazijawahi kumkimbia mtu.

Na mimi nimejionya, maana sasa mama mkwe ni mimi, na ulimi ninao. Siku utakayonisikia namdai mtoto wa watu, niite pembeni uniulize, "Mama, tumemtilia nini?" Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, lakini nitakusikia.

Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yako utulivu, mwanangu. Akupe wewe subira ya babu yako, anipe mimi haya ya bibi yako, na mkeo ampe watu wa kucheka nao kabla hajatakiwa kucheka. Amina.