Elisaria, Bingwa wa Theluji Aliyejulikana kwa Godoro

Elisaria alizaliwa Poli, kwenye mteremko wa mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Hadi anakuwa binti wa miaka kumi na tisa, barafu aliyoijua ni ile ya vifuko inayouzwa nje ya shule. Ndipo usharika wa kanisa lao ukampeleka Norwei mwaka mmoja, akasaidie kwenye nyumba ya wazee.

Nyuma ya nyumba ile palikuwa na kilima. Jumamosi vijana walifunga mbao ndefu miguuni, wakateleza kwenye theluji, wakaruka na kupinduka hewani kama nyani. Elisaria akajaribu. Miezi mitatu alianguka tu. Wa nne akaanza kutua kwa miguu.

Mwaka mmoja ukawa minane. Alichukua ubingwa wa mchezo huo mara mbili, na watu walisimama kwenye baridi kali wakiliita jina lake, ingawa walilitamka vibaya.

Aliporudi, sisi wa Poli tulimpokea kwa matarumbeta ya kanisa. Diwani alihutubia dakika arobaini, akamsifu kwa mbio zake. Elisaria naye akapiga makofi.

Jioni mama yake, Magdalena, alitazama video kwenye simu.

"Hapa ndipo ulipoanguka, mwanangu?"

"Hapana, mama. Hapo ndipo niliposhinda."

"Na huko juu mlifikaje?"

"Kuna kiti cha umeme, kinakupandisha."

"Mh! Mimi miaka arobaini nashuka huu mlima na mkungu wa ndizi kichwani, na wa kunipandisha sijamwona. Na medali yangu iko wapi?"

Elisaria akacheka, ila medali zake akazitia kabatini.

Baada ya wiki mbili akaja Arnold, mwenye duka la magodoro mjini, akaomba picha za kutangazia biashara. Elisaria akampa zote. Arnold akaziacha za ushindi, akachagua moja ya zamani: Elisaria yuko hewani, kichwa chini, mdomo wazi, anaporomoka. Chini yake akaandika: ANGUKA BILA WASIWASI. Bango likasimamishwa Ngarenaro, Arusha mjini.

Mwezi haukuisha, Arusha nzima ikamjua. Sokoni Ngaramtoni mama mmoja, Silantoi, alimshika mkono.

"Dada Godoro! Lile la inchi nane halibonyei?"

"Mama, mimi ni bingwa wa kuteleza kwenye theluji."

"Pole, mwanangu. Uliumia sana?"

Mwanzoni alikuwa akirudi nyumbani analia. Kisha goti likagoma, daktari akamkataza kuruka, na Arnold akamwomba asimamie duka. Akakubali. Anauza vizuri, wateja humwamini kuliko cheti chochote.

Juzi kijana wa Kinorwei, katoka kupanda Meru, alipita mbele ya duka, akaganda. Akaingia, machozi yakimlenga, akaomba kupiga naye picha. Alisema alipokuwa mdogo alibandika sura ya Elisaria ukutani.

Wateja wawili waliokuwa wakingoja kupimiwa sponji wakatazamana.

"Kumbe tangazo limefika mpaka Ulaya," mmoja akasema.

"Limefika," Elisaria akajibu, akatabasamu kwenye kamera.