Suruali Niliyokuwa Nikiivua Kichakani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama kwa mguu mmoja nyuma ya kichaka, karibu na boma la mama mkwe wangu kule Kisegi. Mguu wa pili umekwama ndani ya suruali, na mbuzi mmoja ananitazama. Usicheke bado. Wakati wa kucheka utafika, nami nitakuambia.

Jana ulinionyesha kwenye simu yako picha za suruali za kuendeshea pikipiki, ukaniuliza ipi inapendeza. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lake likanichubua magoti yote mawili. Leo nitakujibu, lakini kaa vizuri, maana sitafupisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla bodaboda hazijajaa kila njia panda. Upande wetu pikipiki ilikuwa ya padri, ya afisa wa mifugo, na ya mtu mmoja mmoja mwenye bahati. Mimi nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati ndogo ya Kisegi. Chanjo za watoto zilitoka Homa Bay, tena zilikuja siku zilipopata gari. Zikikosa gari, akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni walirudi vile walivyokuja. Nilisumbua wakubwa mpaka nikapewa pikipiki ya kuzifuata mwenyewe. Afisa aliyenikabidhi, bwana mpole mwenye kalamu kali, hakunificha kitu.

"Sista, wenzangu walitaka apewe mwanaume," alisema. "Mimi nimekutetea. Lakini ukiangusha chanjo mara mbili, hii kitu inarudi Homa Bay, na mimi sitakuwa na la kusema."

Sasa elewa nyumba niliyoolewa. Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Mume wangu alikuwa Mluo wa Kisegi, mwalimu aliyefundisha Migori na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote bomani tulikuwa wawili, mimi na mama yake, mjane mrefu wa maneno machache. Jina lake sitalitamka hata leo, kwa heshima ya mkwe. Nilimwita Mama, naye aliniita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Kidholuo changu kilitosha kuombea chumvi tu, na Kikuria yeye hakukijua kabisa, basi tukakutana kwenye Kiswahili. Nilitaka anipende. Nasema wazi, nilitaka kupendwa na mwanamke yule kuliko nilivyotaka mshahara.

Na siku zile mwanamke mwenye suruali kijijini alihesabiwa kuwa ameota pembe. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alikuwa na mdomo uliofika sokoni kabla yake, na mimi tayari nilikuwa mgeni wa kabila jingine. Nikafanya ujanja. Nilikwenda soko la Migori kwenye marundo ya mitumba, nikachagua suruali kwa kipimo kimoja tu, kama inafichika. Nikapata moja nyepesi, laini, unaikunja inatosha kiganjani. Nikitoka naivaa chini ya sketi. Nikirudi naivua kichakani, naitia mkobani, naingia bomani na leso kiunoni kama mke mwema. Miezi mitatu nilifanya hivyo, nikajiona mjanja kuliko sungura.

Lakini barabara ile haikuwa na habari na ujanja wangu. Ukitoka Homa Bay jua linakuchoma mapaja. Ukiingia Bonde la Lambwe mbung'o wanauma kupitia kitambaa chepesi kana kwamba hukuvaa kitu. Kando ya ziwa upepo unaingia kwa chini na kupanda mpaka mbavuni. Ukipanda vilima vya Gwassi, mvua inakukuta huko juu na baridi yake, na suruali laini ikilowa inakuganda ngozini hadi ufike. Na wakati wote huo ekzosi iko pale karibu na shavu la mguu, inasubiri ulegee kidogo tu. Nilikuwa na kovu la moto mguu wa kulia, nikawa nasema ni maji ya chai.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku hiyo ninayoikumbuka nilikuwa nateremka vilima, mvua imetoka kunyesha, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Kwenye kona moja nikaona utelezi, nikataka kuweka mguu chini, mguu haukusikia. Pikipiki ikaenda kivyake nami nikaenda kivyangu, kwa magoti, juu ya changarawe. Suruali ile ilipasuka kama karatasi ya sukari. Kisanduku cha barafu kilifunguka, na chupa za chanjo nikaziona zikibingirika mtaroni moja moja.

Zahanati nilikuta akina mama wameketi kwenye nyasi wakiningoja. Niliwaambia warudi wiki ijayo. Hakuna aliyenilaumu. Walifunga watoto mgongoni, wakasema pole Sista, wakaondoka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko magoti.

Na bado, mwanangu, pamoja na damu ile yote, nilipokaribia nyumbani nilisimama kichakani nikavua suruali. Hapo ndipo mbuzi alinikuta. Sasa unaweza kucheka.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akishona. Kazi yake ilikuwa kushona matanga ya mitumbwi. Marehemu mumewe alimwachia kazi hiyo pamoja na shazia zake, zile sindano nene za kushonea magunia na turubai, na wavuvi mpaka wa Mbita walimletea vitambaa. Usione vyaelea, vimeundwa, na vingi vya upande ule viliundwa na mikono yake. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupanda mtumbwi hata mmoja. Wavuvi walisema mwanamke akipanda, samaki wanakimbia. Alishona tanga, akalikabidhi, akasimama ufuoni kulitazama likienda.

Aliangalia leso yangu iliyoanza kulowa damu.

"Nyar Kuria, umeanguka."

"Kidogo tu, Mama."

"Na suruali iko wapi?"

Niliukumbatia mkoba kifuani.

"Unavua pale kwa kichaka," alisema, na hakuinua sauti. "Mbuzi zangu nafunga wapi? Si ni hapo juu? Miezi tatu nakuona. Kila siku nasema, leo ataingia na suruali yake. Huingii."

"Niliogopa, Mama. Watu wa kanisa..."

"Watu wa kanisa watakufunga hiyo kidonda?" Alinyoosha mkono. "Lete nione."

Nikatoa kile kitambaa mkobani. Alikishika kwa vidole viwili, akakinyanyua, jua likapita katikati yake. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

"Wewe ulinunua nguo ya kunidanganya mimi," alisema. "Sasa mimi sikudanganyika, na barabara pia haikudanganyika. Ni goti yako tu ilidanganyika. Mficha uchi hazai, mtoto wangu. Ungeniambia siku ya kwanza ningekushonea."

Nililia, mwanangu. Si kwa uchungu wa magoti. Nililia kwa sababu miezi mitatu nilikuwa namwogopa mtu aliyekuwa ananingoja.

Kesho yake kazi ilianza. Aliniketisha juu ya kinu kilicholazwa, akaniambia nikae kama ninaendesha, mikono mbele, magoti yamekunjwa. Akanipima hivyo hivyo nimekaa. Fundi wa mjini hukupima umesimama, ukikaa kwenye pikipiki suruali inapanda mpaka katikati ya muundi na goti la nguo linakwenda pajani. Mama alipima kukaa kwangu, akaongeza urefu, akasema mguu wa suruali utaangukia nje ya gambuti, usiingizwe ndani, la sivyo mvua itateremka na kujaza buti kama mtungi.

Kitambaa kilikuwa cha tanga, kizito, ambacho alikisugua nta ya mshumaa na kukipigia pasi ya makaa mpaka maji yakawa yanateleza juu yake. Kwa ndani alishona bitana ya blanketi jepesi, lakini aliishika kwa vifungo. Nikitoka Homa Bay kwenye joto naivua na kuifunga nyuma ya kiti, nikianza kupanda vilima narudishia. Ubavuni aliacha nafasi ya kuingiza hewa, yenye kifuniko cha kufunga upepo ukija. Ikabaki ngozi ya magoti na makalio.

"Enda kwa baba yako Kehancha," aliniambia. "Mwambie ng'ombe zetu zilikuja kwake nyingi. Sitaki irudi hata moja. Nataka ngozi tu."

Baba yangu alipopewa salamu hizo alicheka mpaka akashika ukuta. Ng'ombe mmoja wa mahari alikuwa amekufa mwaka ule, ngozi yake imetandikwa kitandani kwake. Aliitoa mwenyewe, akaikunja. Basi magoti yangu yakafunikwa na mahari yangu, na kipande kingine kikashonwa ndani ya mguu wa kulia, pale ekzosi ilipozoea kunichoma.

Asubuhi ya safari niliivaa chumbani, nikatoka nayo mlangoni. Ilikuwa nzito, haipendezi, inapiga kelele nikitembea. Mama aliizunguka mara moja, akavuta mshono mmoja, akasema, "Enda."

Mvua ya siku hiyo sijaiona tena. Wakati wa kurudi na chanjo, pale mtoni chini ya vilima gari mbili zilikuwa zimezama kwenye tope, na madereva wamekaa juu ya boneti wakingoja jua. Nilipita pembeni yao. Nikapanda Gwassi na mvua ikinipiga, lakini mapaja yangu yalikuwa makavu, magoti yana joto, na miguu inanisikia. Na nilipoanza kuteremka, mwanangu, kwenye kona ileile, utelezi uleule ulinichukua tena. Niliteleza kwa goti kwenye changarawe kama hatua tano. Nikainuka. Nikatazama goti, ngozi imekwaruzika, mimi mzima. Kisanduku nilikuwa nimekifunga kwa kamba ya wavuvi, hakikufunguka. Niliwasha pikipiki na kuendelea.

Zahanati nilimkuta nani? Afisa wangu. Alikuwa amefika mji wa Sindo jana yake kabla ya mvua, akalala huko, akaamka kuja kuona kama mwanamke atafika katika mvua ile. Akina mama wamejaa barazani. Alinitazama tope kutoka kiunoni hadi kisigino.

"Ulianguka," alisema.

Ningeweza kusema nimerushiwa tope na gari. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka na vichaka.

"Nilianguka," nikasema. "Kona ya kule juu."

"Umeumia?"

"La."

"Chanjo?"

Nikafungua kisanduku. Barafu ilikuwa bado na pembe zake, na chupa zote zimesimama. Aliingiza kidole, akakitoa haraka kwa baridi. Kisha akainama, bwana mzima wa serikali, akaligonga goti langu kama anabisha mlango.

"Sista, hii suruali inashonwa wapi? Niko na vijana wanne huko Homa Bay, kila mwezi mmoja anachubuka."

Akina mama walipiga vigelegele mpaka watoto wakaanza kulia kabla ya sindano. Pikipiki ile haikurudi Homa Bay. Niliiendesha miaka kumi na moja, na Mama alishona suruali za vijana wale wanne, na za wengine baada yao.

Lakini ushindi wenyewe haukuwa huo. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, Mama akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa, na kitambaa kichwani. Akainua pindo kidogo. Chini yake palikuwa na suruali ya tanga, nta inang'aa, ngozi magotini. Alikuwa ameshona mbili tangu mwanzo.

"Miaka yote nashona vitu zinaenda," alisema. "Leo na mimi naenda. Vaa yako."

Nilimpakia. Alinishika kiuno kwa mikono ile migumu ya shazia, na tulipokaribia kanisa, ambako mwenyekiti na wenzake walikuwa wamesimama mlangoni na vitabu vyao vya nyimbo, nikaongeza mwendo kwa aibu ya zamani. Mama akanifinya ubavu.

"Polepole, nyar Kuria. Wanione."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usinunue suruali ya pikipiki kwa ajili ya macho ya watu, wawe wanaokusifu au unaowaogopa. Wala usiinunue kwa anga la mlangoni kwako. Jua la Homa Bay halijui mvua ya Gwassi, nawe utapita katika vyote viwili siku moja. Kabla hujalipa, kaa kama unaendesha, uone goti linakwenda wapi. Tafuta bitana inayotoka na kurudi, mahali pa kuingia hewa, kitu kigumu magotini na makalioni, na kinga upande wa ekzosi. Ikikosa kupendeza, shukuru. Na mwenye hekima nyumbani kwako mwambie shida yako mapema, kwa maana huenda amekwisha kukuona kichakani, na shazia iko mkononi.

Mungu akufungulie barabara zako zote, zenye vumbi na zenye tope. Ukianguka, akuinue mzima. Akupe wa kukupima umekaa, na akupe wa kumpakia. Nenda sasa, na ukipita mbele ya watu, pita polepole.