Plagini Iliyompongeza Mfiwa

Tovuti yangu ya mahamri, mjukuu wangu aliitia kitu kiitwacho plagini, cha kuwajibu wateja nikiwa jikoni. Jirani yangu hapa Likoni akaandika: "Nimefiwa na mume wangu. Naomba mahamri ya matangani." Plagini ikamjibu: "Hongera! Twakutakia sherehe njema."

Nikamwambia mjukuu aitoe.

"Bibi, itajifunza."

"Ikajifunze kwao."

Nikafunga mahamri, nikavaa buibui, nikaenda matangani kuomba radhi. Mjane alinitazama sana.

"Aliyenipongeza ni mwanao?"

"Ni mashine, mwenzangu."

"Ina mume?"

"Haina."

"Basi haijui," akasema, akanisogezea mkeka. Nikaketi.